Sikulia baba alipofariki, sasa namfokea mtoto kwa glasi ya maji

*Shikamoo mshauri. Nina miaka 38, nina mke na watoto wawili. Baba yangu alifariki miezi minane iliyopita. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo nilishughulikia kila kitu, na sikutoa chozi hata moja, si siku ya mazishi wala baada ya hapo. Watu walinisifu kwamba nimejikaza. Lakini tangu wakati ule nimekuwa mtu wa kuwaka ovyo. Wiki iliyopita binti yangu wa miaka sita alimwaga glasi ya maji mezani, yakalowesha redio (ni redio ya zamani tu, ya baba). Nilifoka mpaka mtoto akakimbilia nyuma ya mlango. Mke wangu anasema anaishi na jiwe, kwamba sina hisia. Nikijichunguza naona anasema kweli, sisikii kitu isipokuwa hasira. Je, kuna watu wasio na hisia kabisa? Na kama mimi ni mmoja wao, naweza kubadilika?*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kuondokewa na baba. Najua umeshapewa pole nyingi, ila nadhani zile za mwanzo zilikukuta unahesabu viti na kupokea simu, zikapita bila kukugusa. Ipokee hii ukiwa umekaa.

Nianze na swali lako lenyewe. Watu waliopotewa na hisia kwa kweli wapo, ila ni wachache mno, na hawafanani na wewe. Daktari wa ubongo Antonio Damasio ameeleza kwa kirefu habari za mgonjwa wake mmoja aliyempa jina la Elliot. Mtu huyu alifanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Akili yake ilibaki timamu; alipopimwa kumbukumbu, lugha na hesabu, alifaulu vizuri. Lakini alisimulia jinsi maisha yake yalivyoporomoka, kazi ikamtoka, ndoa ikavunjika, akiba ikateketea, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo ukutani. Na kubwa zaidi ni kwamba hakuweza tena kuamua jambo. Kazini aliweza kumaliza mchana mzima akiwaza makaratasi yapangwe kwa tarehe, kwa ukubwa au kwa umuhimu. Kila njia aliweza kuitetea, lakini hakuna iliyomvuta. Hisia zilipomtoka, zilitoka na ile mizani inayotuambia kipi kina uzito na kipi hakina.

Sasa jitazame. Ulisimamia mazishi ya mzazi wako ukiwa mkubwa wa nyumba, na nina hakika siku zile uliamua mambo mia moja. Kisha umemfokea mtoto, na wiki nzima baadaye bado unamwona amejibanza nyuma ya mlango, hadi ukachukua kalamu kumwandikia mtu usiyemfahamu. Mtu aliyepatwa na yale ya Elliot asingeniandikia barua hii.

Lipo kundi jingine ambalo huenda ndilo ulilokuwa ukilifikiria. Katika miaka ya 1970 daktari wa magonjwa ya akili Peter Sifneos aliwapa jina watu ambao kila wakiulizwa wanajisikiaje hawana la kusema. Hali hiyo akaiita aleksithimia, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kukosa maneno ya hisia. Liangalie jina hilo vizuri: yaliyokosekana ni maneno. Wengi wa watu hawa huenda hospitali wakilalamika mgongo, tumbo, uchovu usioisha, na vipimo havionyeshi kitu. Aleksithimia si ugonjwa unaokuwa nao au usiwe nao. Ni tabia inayopatikana kwa viwango, huyu kidogo, yule sana. Kwa barua moja siwezi kukupima. Ila ningependa ujiulize: kabla baba hajafariki, uliwahi kujua kwamba una huzuni, ukaiita kwa jina lake? Kama jibu ni ndiyo, uwezo huo hukuzaliwa bila kuwa nao. Umefunikwa.

Halafu kuna sentensi yako moja ambayo umeiandika upesi ukapita. Umesema husikii kitu *isipokuwa hasira*. Mwanangu, hasira ni hisia, tena nzito. Nimekaa na wanaume wengi ambao katika kukua kwao waliruhusiwa hiyo moja tu. Mtoto wa kiume akianguka na kuchubuka goti anaambiwa nyamaza, wewe mwanamume. Akimpiga mwenzake, wakubwa wanatikisa kichwa na kusema amekasirika. Anajifunza mapema kwamba maumivu yakivaa nguo za hasira yanasikilizwa, na yakija uchi yanachekwa. Miaka thelathini baadaye anafiwa, anaogopa, anaona haya, anachoka, na yote hayo yanamtokea mdomoni kwa sauti moja.

Yanafikaje huko bila mwenyewe kujua? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ilipo nafasi yako ya kubadilika.

Mwaka 1884 William James, msomi wa Marekani, aliandika makala akiuliza hisia ni nini hasa. Sote tunadhani tunatetemeka kwa sababu tumeogopa. Yeye alisema mwili hutangulia: unatetemeka kwanza, na kule kuutambua mtetemeko ndiko tunakokuita woga. Mwaka uliofuata Carl Lange wa Denmark akatoa wazo linalokaribiana na hilo. Walter Cannon akaja kuwapinga mwaka 1927. Alisema moyo huenda mbio kwa woga, kwa hasira, hata kwa homa. Mwili peke yake hauwezi kukuambia ni kipi kati ya hivyo. Mimi naona kila upande ulishika kipande cha ukweli. Mwili hutoa taarifa, na hutoa mapema, lakini taarifa hiyo haiji na jina juu yake. Jina tunaliweka sisi, kwa kuangalia tuko wapi, tuko na nani na nini kimetokea sasa hivi.

Wenye lugha hii walilijua hilo zamani. Husemi tu kwamba una wasiwasi, unasema una tumbo joto. Damu huchemka, kifua hubana, roho huruka, nywele husimama, mwili hufa ganzi, machozi humlenga mtu. Zote hizo ni habari za mwili.

Nilikuwa na mteja mmoja, mtu mzima, aliyeletwa na dada yake. Kila nilichomuuliza alijibu “niko sawa.” Alisema hivyo kwa upole kabisa. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika ukingo wa kiti, umebana mpaka vifundo vya vidole vimepauka. Sikumuuliza tena anajisikiaje. Nilimuuliza, “Mkono wako wa kulia unafanya nini?” Akautazama kama wa mtu mwingine. Akaachia kidole kimoja kimoja, taratibu. Ulipofika mapajani ulianza kutetemeka, na yeye akaanza kuzungumza. Alikuwa amebana kile kiti dakika arobaini bila kujua.

Sasa tazama hatari ya taarifa isiyo na jina. Mwaka 1974 Donald Dutton na Arthur Aron walichapisha utafiti uliofanyika kwenye daraja la Capilano karibu na Vancouver, Kanada, daraja jembamba linaloning'inia na kuyumba juu ya bonde refu. Wanaume waliokuwa wakivuka walisimamishwa na mtafiti wa kike, wakaulizwa maswali, kisha akawaachia namba yake ya simu. Wengine walihojiwa kwenye daraja jingine, imara na lisilo na kimo cha kutisha. Wale wa daraja linaloyumba walimpigia simu zaidi. Maelezo ya watafiti yalikuwa kwamba moyo ulidunda kwa sababu ya kimo, wao wakadhani unadunda kwa ajili ya yule dada. Jaribio lile limejadiliwa sana tangu wakati huo, lakini jambo linaloonyesha nimelishuhudia kwenye kiti changu cha kazi mara nyingi: mwili ukichemka, akili hukimbilia sababu iliyo karibu zaidi.

Jioni ile, kilichokuwa karibu ni glasi.

Rudi kwenye barua yako. Umeandika kwamba maji yalilowesha redio, halafu ukafungua mabano ukasema ni redio ya zamani *tu*, ya baba. Nimesoma barua yako mara tatu, na kila mara jicho langu linasimama kwenye mabano yale. Sijui baba yako aliisikiliza saa ngapi, wala kama aliiongeza sauti taarifa ya habari ilipoanza, wala nani aliileta nyumbani kwako na kwa nini umeiweka mezani ambapo familia inakula. Wewe unajua. Nadhani ulipoona maji yanaingia ndani yake, kitu kilikupanda kifuani ambacho hakikuwa na uhusiano na utundu wa mtoto. Sisemi kwamba redio inaeleza kila mara uliyowaka. Huenda mara nyingine ni uchovu mtupu, maana mkubwa wa nyumba baada ya msiba hurithi madeni, mashauri na simu za ndugu. Lakini kwa jioni hiyo moja, anza na redio.

Mke wako anasema anaishi na jiwe. Neno hilo lazima lilikuuma, na naomba ulisikie bila kujitetea. James Gross na Robert Levenson, katika miaka ya 1990, waliwaonyesha watu filamu za kusumbua moyo, wakawaambia baadhi yao wazuie usoni kisionekane kitu. Nyuso zikatulia kweli. Lakini vipimo vilionyesha kwamba ndani yao mwili ulikuwa ukihangaika zaidi, na hisia yenyewe mbaya haikupungua. Mwaka 2003 Emily Butler na wenzake walikwenda hatua moja mbele: waliwakutanisha wanawake wawiliwawili wasiofahamiana wazungumzie filamu ya kuhuzunisha, mmoja ameagizwa kwa siri afiche anachohisi. Shinikizo la damu lilimpanda hata yule wa pili, ambaye hakujua lolote. Nadhani ndicho kinachompata mkeo. Analala pembeni ya mtu aliyejibana usiku na mchana, na mwili wake unalijua hilo hata kama hajui ajibu nini.

Lakini nisikupeleke upande mwingine. Watu watakuambia *lazima* ulie, kwamba chozi usilolitoa litakuua. Si kweli, na wamewatesa wafiwa wengi kwa maneno hayo. Zile hatua tano za majonzi zinazotajwa kila mahali (kukana, hasira, kutafuta maafikiano, sonona na kukubali) zilitokana na kazi ya Elisabeth Kübler-Ross ya mwaka 1969, naye alizipata kwa kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wenyewe, si na waliofiwa. Hazikuwa ratiba ya mtu kuzifuata. George Bonanno ametumia miaka mingi kuwafuatilia waliofiwa, akakuta wengi huendelea na maisha bila kuanguka, na si kwa sababu wanaficha kitu. Kwa hiyo macho makavu siku ya mazishi hayanitishi. Ningekuwa na wasiwasi hata kidogo, ungekuwa juu ya jambo jingine. Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa mwenye afya huenda na kurudi: leo anashughulika na maisha, bili na watoto, kesho anakaa na picha, anakumbuka, anaumia, kisha anarudi kazini. Wewe naona umekaa upande mmoja tu tangu siku ya kwanza. Hujapewa, wala hujajipa, saa moja ya kuwa mwana aliyefiwa.

Basi tuje kwenye maneno, maana ndiyo dawa ninayoiamini kuliko nyingine kwa mtu kama wewe. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira na woga huku ubongo wao ukipigwa picha. Walipochagua neno la hisia iliyo usoni, shughuli ya amigdala, kisehemu kidogo cha ndani ya ubongo kinachopiga mbiu ya hatari, ilipungua kuliko walipochagua jina la mtu la kuufaa uso ule. Yaani kuipa hisia jina lake kunapunguza makali yake. Jina lenyewe lakini liwe sahihi. Ukiita kila kitu hasira, hujakipa jina kitu chochote.

Kiswahili hakijatunyima. Kukereka ni jambo la juujuu, limekugusa ngozi. Hamaki huwaka na kuzimika papo hapo. Ghadhabu ina uzito, imebeba hukumu ndani yake. Kinyongo hakina kelele. Kinakaa chini kwa miaka. Uchungu uko mpakani, nusu hasira na nusu jeraha, na ndiyo maana mtu mwenye uchungu anaweza kupiga meza huku sauti inakatika. Vuka mpaka huo utakuta huzuni, simanzi, majonzi, jitimai, kihoro kinachomshika mtu kwa kupotewa na kitu alichokipenda mno. Na ukiwa. Mkiwa ni mtu aliyebaki peke yake duniani, na mtu wa miaka 38 mwenye mke na watoto anaweza kabisa kuwa mkiwa kwa sababu yule aliyekuwa juu yake, wa kumuuliza, hayupo tena. Sijui kama ndilo neno lako. Lijaribu tu, uone kama kifua kinajibu.

Kitu kimoja zaidi nikipendacho katika lugha yetu: tunasema *nimeshikwa* na hasira, *nimepandwa* na hasira, kama vile imetoka nje ikamkamata mtu. Lakini tunasema *naona* uchungu, *naona* haya, *naona* upweke. Huku kuna mtu mwenye macho anayetazama. Ningependa uhame taratibu kutoka kushikwa kwenda kuona.

Namna ya kufanya ni hii. Kila jioni, kabla hujalala, usijiulize unajisikiaje, maana utajibu “sawa.” Anza na mwili. Taya limebana? Mabega yako wapi, chini au karibu na masikio? Tumbo, koo, viganja? Ukipata sehemu moja yenye jambo, kaa nayo kidogo, kisha tafuta neno. Ukikosa neno, sema hivyohivyo: “Kuna kitu kooni, sijui jina lake.” Hiyo nayo inatosha kwa siku hiyo. Na hasira ikianza kupanda ukiwa na watoto, ondoka chumbani, lakini sema unarudi na urudi kweli. Mtoto akiachwa bila neno hufikiri ameachwa kwa kosa lake.

Halafu mwandikie baba yako. James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall, mwaka 1986, waliwaomba wanafunzi waandike kwa dakika 15, siku nne mfululizo, juu ya jambo zito lililowahi kuwapata. Walioandika tukio pamoja na walivyolihisi walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi miezi iliyofuata. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kwamba faida yake kwa kawaida si kubwa, na mtu akimaliza kuandika anaweza kujisikia vibaya zaidi kwa muda, kwa hiyo usishtuke. Usimwandikie hotuba. Mwambie redio yake imelowa. Mwambie mlilokuwa mmegombana na hamkulimaliza, kama lipo. Karatasi si lazima mtu aisome.

Kuna mambo ambayo yakikupata, barua yangu haitoshi na usisubiri: ukimpiga mtoto au mkeo, ukianza kunywa ili ulale, ukikosa usingizi wiki baada ya wiki, au ukiwaza kumfuata baba. Hilo la mwisho, tafuta msaada siku hiyohiyo. Pia mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani unatambua majonzi ya muda mrefu pale ambapo miezi sita imepita na bado kumtamani marehemu au kumuwaza kumemtawala mtu mpaka maisha hayaendi. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, kwenye toleo la 2022, unaweka mwaka mmoja kwa mtu mzima. Ganzi ya hisia ni mojawapo ya dalili zinazotajwa. Wewe uko miezi minane, unafanya kazi, unalea. Sikuweki kwenye kundi hilo. Lakini kukaa na mwanasaikolojia mara chache ana kwa ana kungekufaa, na kwenda si kukiri kwamba umeshindwa kujikaza.

Nimemwacha binti yako mwisho kwa makusudi, kwa sababu yeye hawezi kusubiri umalize kujielewa. Katika miaka ya 1970 Edward Tronick aliwaomba akina mama wacheze na vichanga vyao, kisha kwa dakika chache wawatazame kwa uso usiobadilika kabisa. Mtoto hutabasamu kumrudisha mama, hunyoosha mikono, hupiga kelele, mwisho hugeuka pembeni au hulia. Uso mkavu wa mzazi mtoto huusoma mapema kuliko maneno. Lakini Tronick huyohuyo alisisitiza baadaye kwamba hata mzazi mzuri na mtoto wake hupishana mara nyingi sana kwa siku, na kinachomjenga mtoto ni kurudiana baada ya kupishana. Wiki moja si kuchelewa.

Kaa chini naye sakafuni, usimsimamie. Weka redio katikati yenu, iwe imepona au imekufa. Mwambie: “Siku ile nilikufokea. Haikuwa kwa sababu ya maji. Hii ni redio ya babu, nami nimemkumbuka babu, ninaona huzuni.” Usimwombe akusamehe hapohapo, na usimweleze zaidi ya hapo kama hajauliza. Ana miaka sita. Huenda akauliza ilikuwa inawashwaje. Mwonyeshe kitufe ambacho baba alikuwa anakizungusha. Koo likikubana wakati unamwonyesha, usinyanyuke.